Maswali ya uwani: jiwe, asumini na maji ya kufulia

Uwani kwetu Chukwani, Unguja, ni jiwe tupu, jembe linagonga. Nataka mchicha na maua. Nianze kwa mtaimbo?

Uache mtaimbo. Jiwe la uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, halivunjiki ukapata udongo. Tuta linainuliwa juu yake. Chagua pahala panapopigwa na jua si chini ya saa sita kwa siku. Zungushia mawe kimo cha sentimita 40, upana usizidi sentimita 120, ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga ndani.

Chini tandika maboksi yaliyobanduliwa tepu, uyaroweshe. Juu yake panga makumbi ya nazi, upande wa ndani ukitazama juu yashike maji, kiasi cha sentimita 10. Fuatishia majani makavu sentimita 10, samadi iliyokwisha kukauka sentimita 5, kisha sentimita 15 za mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na kinongo (udongo mwekundu). Kila tabaka limwagiwe maji kabla ya jengine. Samadi mbichi usitie, itaunguza mizizi.

Angalia makumbi umeyapata wapi. Yaliyotoka kwenye mashimo ya ufukweni ya kurowekea usumba (nyuzi za makumbi) yamejaa chumvi: yaoshe mara tatu kwa maji matamu, au yaache nje yanyeshewe masika nzima. Tuta lililopandwa na chumvi yake huonyesha ncha za majani zimekauka kama zilizopitiwa na moto, na watu hudhani ni ukame, wakaongeza maji ya kisima chenye chumvi.

Subiri wiki tatu ukilimwagilia. Anza na kunde, zinalisha udongo. Zikishavunwa zikate juu, mizizi ibaki, ndipo uende kwenye mchicha na matembele. Tuta litashuka, usishtuke, ongeza mboji.

Asumini yangu, Mji Mkongwe, majani machanga yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani. Natia majivu na chokaa kila wiki, naona inazidi.

Inazidi kwa sababu ya hayo majivu na chokaa. Asumini yako imekosa chuma. Udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi tangu asili, na nyumba za zamani huongeza yake kila lipu inapopukutika. Chokaa ikizidi, chuma kimo udongoni lakini mzizi hauwezi kukichukua. Ushauri wa majivu ni wa udongo wenye tindikali, na huo si wako.

Acha yote mawili leo. Ondoa kifusi kuzunguka shina, weka ndoo mbili za mboji, funika kwa majani makavu sentimita 8 bila ya kugusa shina. Ukitaka nafuu ya haraka, dukani ulizia dawa ya chuma ya kunyunyizia majani, upulize jioni kwa kipimo cha kwenye paketi. Majani yaliyokwisha kuharibika hayarudi sana, tazama yanayochipua. Waridi huugua vivyo hivyo.

Maji ya kufulia yanafaa kumwagilia?

Ya suuza ya mwisho, ndiyo. Ya povu la kwanza yana chumvi za sabuni, na yenye dawa ya kutakatisha nguo yamwage mbali na mimea. Usimwagie mboga za majani, hasa zinazoliwa mbichi.

Yapeleke kwenye duara la migomba: shimo la upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60, udongo wake ukiwa tuta pembeni, migomba minne na mpapai juu ya tuta. Shimo lijazwe makuti, matawi na taka za jikoni mpaka lifurike. Lisituamishe maji hata siku moja, mbu watazaliana. Kwenye jiwe shimo hilo halichimbiki. Huko jenga pete ya mawe na ujaze kwa juu.

Nyanya zinaoza kitakoni. Niongeze maganda ya mayai?

Maganda ni ya kuongeza chokaa, na kwenye udongo wetu wa mawe chokaa ipo. Kinachokosekana ni maji ya mpangilio: leo kavu, kesho mafuriko, na chokaa haifiki kwenye tunda. Mwagilia kila asubuhi kwa kiasi kimoja, funika udongo, punguza samadi. Matunda yaliyooza yachume.

Maua gani yakae kati ya mboga?

Mrehani kwanza. Uache baadhi uchanue, nyuki wataufuata na mabamia yatazaa vizuri. Uliobaki kata mara kwa mara, uende kwenye kikuba (kishada cha maua na majani ya kunukia) pamoja na asumini. Asumini ipandwe upande wa kusini wa tuta, isizibe jua linapokuwa upande wa kaskazini.