Utoke, halafu uende wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: nchi ikitaka kujitoa kwenye muungano, nani aamue, wananchi kwa kura ya maoni au wabunge wao? Mimi nasema wote, ila wananchi waulizwe mara mbili. Sisemi hivyo kwa kuhadithiwa, kura yenyewe nimeipiga.

Tarehe 23 Juni 2016 nilikuwa naishi Leicester, Uingereza, kwa pasipoti ya Tanzania. Sheria yao inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi kule apige kura. Kwa hiyo mimi mtoto wa Tanga nikaenda kuamua kama Uingereza ibaki Umoja wa Ulaya, na jirani yangu Mwitaliano, aliyeukuta mtaa ule miaka mingi kabla yangu, hakuruhusiwa. Tulicheka wote, yeye kidogo kuliko mimi. Kituoni nikakuta penseli imefungwa kwa uzi, na karatasi yenye visanduku viwili: kubaki, kutoka. Basi. Utoke uende wapi, karatasi haikusema. Asubuhi wa kutoka walikuwa asilimia 51.9.

Mama yangu yuko kwenye kikoba. Mwanachama akisema anajitoa, katibu anafungua daftari. Una mkopo? Umemdhamini nani? Hisa utasubiri tuvunje mwisho wa mwaka? Ulaya nao wana katiba yao, yaani mkataba wa umoja wao: Ibara ya 50, ukishapeleka barua ya kujitoa una miaka miwili. Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliipeleka tarehe 29 Machi 2017, na mawaziri wake mwenyewe walikuwa bado wanavutana juu ya wanachokitaka. Daftari lilipofunguliwa, deni likakadiriwa kufika pauni bilioni 39.

Hapo ndipo watu walipogundua kwamba neno "kutoka" lina vyumba vingi ndani. Unaweza kutoka ukabaki kwenye soko la pamoja kama Norway: bidhaa zako zinapita, lakini unaendelea kupokea wafanyakazi wa Ulaya na kuchangia fedha, na kura kwenye kikao cha kutunga kanuni huna. Unaweza kubaki kwenye umoja wa forodha tu, ukose uhuru wa kujipangia ushuru na nchi nyingine. Unaweza kuchukua mkataba wa biashara kama wa Kanada, na hapo mpaka wa Ireland (kaskazini ni ya Uingereza, kusini ni nchi ya Umoja wa Ulaya) unakuwa kaa la moto, maana tangu amani ya 1998 watu wameuzoea mpaka usio na kizuizi, na mkataba wa aina hiyo unadai mizigo ikaguliwe mahali fulani. Kuna kuondoka bila mkataba wowote. Kuna kurudi kwa wananchi. Na kuna kuifuta barua. Mahakama ya Ulaya ilishatamka Desemba 2018 kwamba Uingereza ingeweza kuifuta bila kuomba ruhusa ya mtu.

Usiku wa Jumatano, 27 Machi 2019, nilitoka zamu nikakaa mbele ya televisheni na sahani ya wali magotini. Wabunge wa kule huhesabiwa wakipita milangoni, lakini siku ile walipewa karatasi yenye mapendekezo manane na nusu saa ya kujaza. Spika John Bercow akasoma matokeo. Kuondoka bila mkataba: ndiyo 160, hapana 400. Umoja wa forodha: 264 kwa 272. Kuwarudishia wananchi: 268 kwa 295. Yote manane yakaanguka. Ijumaa wakaukataa mkataba wa kutoka aliojadiliana May na Ulaya, kwa mara ya tatu. Jumatatu wakapigia kura tena mapendekezo manne, na umoja wa forodha ukakosa kwa kura tatu, 273 kwa 276. Wali ule niliuona mgumu kushuka.

Dunia iliwacheka. Mimi nilishindwa. Kila mmoja alisimama akasema "wananchi wameshaamua", na hakuna aliyeweza kumwambia anadanganya, kwa sababu karatasi yangu ya kisanduku ingeweza kubeba maana zote zile.

Mtasema basi viongozi waeleze mapema. Uskoti walijaribu. Waliotaka kujitenga na Uingereza walichapisha mwaka 2013 kitabu cha kurasa zaidi ya 600: sarafu, pensheni, jeshi, kila kitu. Wapinzani wakakichambua ukurasa kwa ukurasa, hasa ile habari ya kuendelea kutumia pauni, na mwaka 2014 wakashinda kura ya maoni kwa asilimia 55 kwa 45. Waliopigia debe kutoka Ulaya miaka miwili baadaye hawakuandika kitabu kama kile. Walipatia! Ndiyo maana siamini hiari ya wanasiasa katika hili, naamini sheria. Kura ya kwanza iwape serikali ruhusa ya kwenda kujadiliana, ya pili iwe juu ya mkataba walioleta. New Zealand walibadilisha mfumo wao wa uchaguzi kwa hatua mbili namna hiyo, 1992 na 1993. Na hatua ya pili iandikwe kabla ya ile ya kwanza. Waingereza waliodai kura ya pili baada ya kushindwa walionekana wanatafuta marudiano ya mechi, na kusema kweli wengine walikuwa wanayatafuta.

Si kila kujitoa kunahitaji haya yote. Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 na hakuna aliyepanga foleni kituoni. Lakini muungano unaogusa nani akae wapi ni jambo jingine. Aprili ile ya 2019 Mwitaliano wangu alibisha hodi. Serikali ilikuwa inawataka raia wa Ulaya waombe upya haki ya kubaki, programu ya kukagulia pasipoti ilikuwa bado haifanyi kazi kwenye iPhone, na yeye simu yake ni hiyo. Nikamwazima yangu. Akaiweka pasipoti juu ya meza yangu ya jikoni, akawa anaisogezasogeza simu juu yake, ikikataa kusoma.