Barua kwa mwanangu: kodi ya tarehe mosi, pesa za tarehe 18

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nisalimie mkeo, na mjukuu wangu mbusu kwa niaba yangu.

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza jambo moja: kodi ya nyumba ni tarehe mosi, Universal Credit yenu ya kwanza, ile posho ya serikali ya kila mwezi, haiingii mpaka tarehe 18, je, umwombe ami yako akukopeshe pauni 850 au usimwombe? Swali fupi, na najua ulitaka jibu fupi. Lakini mimi kabla sijafika kwa ami nimekwama kwa mwenye nyumba. Umeshamwambia? Ujumbe wako mzima sikuona uliposema umemwambia. Nimeona tu kwamba wakala wake anakutumia barua pepe za kukumbusha na wewe huzifungui. Hapo ndipo nilipokosa usingizi, si kwenye hizo pauni 850.

Unalijua neno langu. Deni liseme mwenyewe kabla wengine hawajalisema. Wewe na dada yako mlikuwa mkinimalizia nikianza tu, mkicheka. Cheka na sasa, lakini nisikilize.

Wewe ulikuwa darasa la kwanza, tunakaa ile nyumba ya juu ya duka la vitambaa, mashariki mwa London. Sijui unakumbuka nini na nini umesimuliwa. Mwaka ule wa 2002 kazini kwangu waliniongezea saa za usafi wa usiku, mshahara ukapanda kidogo, na mimi nikafanya kama sheria isemavyo, nikaenda kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kuwaarifu. Wakasimamisha posho ya nyumba ili wahesabu upya. Nikapeleka karatasi za mshahara, nikapewa risiti yenye muhuri wa bluu na tarehe. Wiki zikapita. Nikienda naambiwa karatasi hazijaonekana, lete nyingine. Napeleka nyingine, naambiwa zile za kwanza zimepatikana ila sasa zimepitwa na wakati. Na kodi yetu ilikuwa ya wiki, mwenye nyumba anakuja mwenyewe Jumapili na kile kitabu cha kodi chenye jalada jekundu, unampa, anaandika, anatia saini.

Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, hakuweza. Mtu aliyesomesha nusu ya mtaa wetu Unguja, watoto wanampisha njia, leo afungue mlango aseme sina. Jumapili ile aliposikia hatua kwenye ngazi alizima televisheni, akatuketisha nyuma ya kochi, akaweka kidole mdomoni. Mlango ukagongwa. Wewe ukaanza kucheka, maana ulidhani ni mchezo. Mimi nikakuziba mdomo nikanong'ona, "Nyamaza mwanangu, atasikia."

Na sauti ikatoka nje ya mlango, kwa Kiswahili: "Mimi nasikia yote, mama. Fungua tu. Mimi hapana kuja gombana."

Miezi yote tuliyokaa mle hatukujua kwamba yule mzee anajua Kiswahili. Sisi tukimsalimia kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza na yeye akijibu kwa Kiingereza. Baba yako aliniangalia kwa macho ya kusema usifungue. Nikafungua.

Aliketi pale pale kwenye ngazi, hakutaka kuingia. Nikamletea chai ya maziwa na hiliki, akainusa kwanza. Akaniambia yeye ni mtu wa Jinja, Uganda. Amin alipowapa Wahindi siku 90 mwaka 1972 alifika Uingereza na mkewe na sanduku moja, wakapelekwa kambi ya Stradishall, kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Suffolk, baridi inaingia kwenye mifupa. Tangu Jinja, alisema, hakuna mtu aliyemwambia "nyamaza, atasikia" kwa Kiswahili. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Halafu akaacha kucheka akasema, "Karatasi iko wapi?"

Nikamletea ile risiti ya muhuri. Akaigeuza kwenye mwanga wa ngazi, akasoma tarehe, akainakili nyuma ya kitabu chake cha kodi. Akasema nyumba ile na yeye anailipia benki, na benki hapana ngojea kaunsili. Angalau sasa anajua pesa ziko njiani na ziko kwa nani. Kilichomtisha ilikuwa ule ukimya wetu. Mpangaji anayezima taa, alisema, huwa anahama usiku.

Hayo ndiyo niliyotaka uyashike. Wakala wako kule Coventry hajui kama unangoja Universal Credit au unafunga mizigo. Kwake yeye barua pepe isiyofunguliwa ni taa iliyozimwa.

Mzee yule ndiye aliyenielekeza kituo cha ushauri, na huko nikamkuta dada mmoja aliyenifunulia jambo ambalo kaunsili hawakunitajia hata siku moja: mpangaji wa mtu binafsi akishatoa karatasi zote alizoombwa, na siku 14 zikapita bila uamuzi, kaunsili wanatakiwa wamlipe kitu kwanza huku wakiendelea kuhesabu. Ilikuwa ndani ya kanuni zao wenyewe. Tukaandika barua, tukaambatisha nakala ya ule muhuri. Pesa zikaja. Niliitia ile hundi kifuani, nikaenda benki na viatu vya ndani, na mvua inanyesha. Furaha ile sijaisahau na sitaki kuisahau. Ndiyo maana mpaka leo kila Jumanne naenda pale kituoni kuwatafsiria Wakongo na mama zetu wa Barawa, Somalia, na kila anayekaa mbele yangu namuuliza kwanza: una karatasi yenye tarehe?

Haya, ami yako.

Kuna jambo hujasimuliwa vizuri, au umesimuliwa na upande mmoja. Kabla ya ile Jumapili baba yako alikuwa ameshakwenda kwa ami yako kukopa kodi ya mwezi. Na ami yako alitoa. Sitasema hakutoa. Alikuja usiku akitoka kuendesha teksi, macho mekundu, akaniachia bahasha ya kaki mkononi, hakuuliza lini wala vipi. Tukamlipa zote ile hundi ilipoingia. Baada ya mwaka, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, wanaume wamezunguka sinia ya biriani, mtu akamsifu baba yako kwamba amejikaza, amesimamisha nyumba ugenini. Ami yako akasema, mbele ya watu wote, "Nyumba yenyewe mwaka jana niliilipia mimi."

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nililetewa habari. Lakini nilimwona baba yako akivaa koti. Mkono haukuingia sawasawa kwenye mkono wa koti, akajaribu tena, akatoka. Tangu siku ile nyumbani kwa ndugu yake aliingia kwa misiba tu.

Kukopa harusi, kulipa matanga, wazee walisema. Sisi tulikuwa tumeshalipa, na matanga yakaja juu.

Najua utasema ami alitania. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo, kwenye mazishi ya baba yako, analia. Na mimi nimelifikiria sana. Labda alitania. Mtu aliyefanya kazi usiku kucha akatoa pesa yake bila kuuliza, basi hata neno moja la kujisifu asiruhusiwe? Nikifika hapo namsamehe. Halafu nalikumbuka lile koti, nasita. Kama ni utani, kwa nini alichagua sinia yenye watu? Na upande mwingine, kama baba yako angelisema mwenyewe lile deni, akasema pale pale kwa kicheko, "kweli, ndugu yangu alinibeba mwaka jana," maneno ya ami yangekuwa sifa kwa wote wawili. Lilichoma kwa sababu lilikuwa limefichwa. Ndiyo nakwambia, deni liseme mwenyewe kabla wengine hawajalisema.

Sasa hesabu, maana nakuona umechoka na hadithi.

Mliomba tarehe 12. Kipindi chenu cha tathmini, yaani mwezi wanaoutazama kuhesabu malipo yenu, ni tarehe 12 hadi 11 ya mwezi unaofuata, halafu wana kama siku 7 za kulipa. Hizo ndizo wiki 5 wanazozisema watu. Ukikopa sasa utaivuka tarehe mosi hii. Na tarehe mosi ijayo? Pesa zitaendelea kuingia 18, kodi itaendelea kudaiwa mosi, na kati ya hapo kuna maziwa ya mtoto, umeme na nauli. Ami hawezi kukukopesha tarehe. Anayeweza kuisogeza ni mwenye nyumba. Mwombe kodi iwe tarehe 20, na akikubali akuandikie. Wengi hukubali, maana heri kodi ya tarehe 20 inayofika kuliko ya tarehe mosi inayofukuzwa.

Mpelekee wakala ule ukurasa wa ombi lenu unaoonyesha tarehe ya malipo ya kwanza. Usiandike maombolezo. Andika: tumeomba siku fulani, malipo ni siku fulani, leo tunaweza kutoa kiasi hiki. Utoe kitu, hata pauni 100, kionekane kwenye akaunti yake. Umwambie pia kwamba deni likifika miezi 2 yeye mwenyewe anaweza kuomba sehemu ya kodi alipwe moja kwa moja. Tuombe lisifike huko, lakini akijua kuna njia hiyo presha itampungua.

Na ile ya mahakama unayoiogopa mpaka huli. Sheria ya wapangaji iliyopitishwa 2025 imepandisha deni la kumtoa mtu kwa lazima kutoka miezi 2 hadi 3, na katika kuhesabu hiyo miezi, kodi ambayo haikulipwa kwa sababu tu Universal Credit haijaingia haitiwi ndani. Usije ukamwekea sheria mezani siku ya kwanza kama unataka ugomvi. Ijue tu, ulale.

Kuna malipo ya awali ya Universal Credit yenyewe. Unaweza kuomba hadi kiasi kizima cha mwezi, hayana riba, ila ni mkopo, watakukata hadi miezi 24. Ukichukua pauni 1,200 ni kama pauni 50 kila mwezi kwa miaka miwili, na mjukuu wangu atakuwa ameanza shule bado wanakata. Ukichukua, chukua kilichopungua kwenye kodi, usichukue chote kwa sababu kimeandikwa unaweza. Hapa sina raha kwa kweli, maana naona watu Jumanne wamechukua chote kisha kila mwezi wanakuja wamepungukiwa. Lakini pia nimewaona waliokataa kwa kiburi wakaenda kwa wakopeshaji wa mtandaoni, na hao ni balaa. Kwa hiyo kati ya wakopeshaji hao na serikali, serikali.

Na kati ya serikali na ami?

Nilijua utanirudisha hapa. Serikali haitakutaja kwenye harusi. Lakini serikali pia haitakuja usiku na macho mekundu kukuachia bahasha. Ami yako sasa ni mtu mzima, teksi ameacha, swala haimpiti, na nadhani angefurahi sana kuombwa na wewe, mtoto wa ndugu yake. Pengine analingoja jambo kama hilo. Pengine pia atalitaja. Mimi nimeapa sitawaamulia watoto wangu mambo ya ndugu za baba yao, na hii ni ngumu kwangu kuliko unavyodhani, kalamu inataka kuandika neno moja nami naizuia. Zungumza na mkeo. Ukiamua kumwomba, mwombe mbele ya mkeo, umwambie siku ya kulipa kabla hajakuuliza, na ulipe kwa benki ili pabaki maandishi. Halafu umwambie na dada yako, na mimi, na yeyote, kwamba ami amekukopesha.

Kitu cha mwisho. Viwango ambavyo Universal Credit wanatumia kuhesabia kodi havijapanda tangu Aprili 2024, kwa hiyo hata wakilipa yote pengine haitafika 850. Kaunsili yenu ina msaada wa kuziba pengo la kodi kwa wanaopata Universal Credit, lakini hautolewi usipoomba. Eleza kwamba saa zako za kazi zimepunguzwa na mna mtoto mdogo.

Leo hii fungua zile barua pepe za wakala, zote, halafu nitumie picha ya ile ya mwisho pamoja na mkataba wa nyumba, ukurasa wenye tarehe ya kodi. Jumanne nitamwonyesha yule dada wa kituoni, yeye macho yake ni makali kuliko yangu kwenye maandishi madogo.

Mama yako