Maswali Yenu: Nani Kasema Nini Kuhusu Mfalme Oedipus?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu tanzia moja, ile ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Kwa aliyeisahau: Oedipus, mfalme wa Thebes, anamsaka aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia, ili tauni iondoke mjini. Anagundua kwamba muuaji ni yeye mwenyewe, Laius alikuwa baba yake, na mkewe Jocasta ndiye mama yake mzazi.

Shikamoo mhariri. Tulipewa makala ya mhakiki E. R. Dodds ya mwaka 1966 kuhusu tanzia hiyo tuifupishe kwa maneno 300. Niliandika kwamba kwa maoni ya Dodds, Oedipus aliadhibiwa kwa sababu ya hasira na kiburi chake. Nimepata 3 kati ya 10, na pembeni mhadhiri kaandika "nani kasema?" Mbona maneno hayo yamo kwenye makala?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma*

Marahaba. Yamo, lakini si ya Dodds. Huo ndio mtego wa makala ile, na wengi wamenaswa kabla yako.

Dodds alikuwa ametunga swali la mtihani kwa wanafunzi wa Oxford: je, tamthilia hii inajaribu kutetea haki ya miungu mbele ya wanadamu? Majibu aliyoyapata akayagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilisema Oedipus alikuwa mtu mbaya, akapata alichostahili. La pili lilisema yeye ni mwanasesere tu, kamba zimeshikwa na majaaliwa. La tatu lilisema Sophocles alikuwa fundi wa sanaa, habari za miungu hazikumshughulisha. Halafu Dodds anayapinga yote, ingawa lile la tatu halipingi kwa ukali ule ule. Wewe umelichukua fungu la kwanza ukamvika yeye.

Sababu zake za kulikataa ndizo zilizopaswa kubeba muhtasari wako. Hasira ya Oedipus kwa nabii Tiresias na shemeji yake Creon tunaiona jukwaani, ilhali kumuua baba na kumwoa mama kulishatokea miaka mingi nyuma, tena kulitabiriwa kabla. Adhabu haiwezi kulitangulia kosa. Kuhusu majaaliwa, Dodds anakumbusha kwamba Yesu alimtabiria Petro kumkana mara tatu, wala hakuna anayesema Petro alilazimishwa. Kila anachokifanya Oedipus jukwaani anakifanya kwa hiari yake: Tiresias anamsihi aache, Jocasta anamsihi, mchungaji mzee naye anamsihi, na bado anachimba.

Safari nyingine, kabla hujaandika sentensi hata moja, pita kwenye makala na kalamu za rangi mbili. Moja ya mhakiki mwenyewe, moja ya wale anaowajibu. Angalia viungo kama "wengine hudai", "huenda ikaonekana kwamba", "tukubali kwa sasa". Hapo sauti inabadilika. Kwenye muhtasari, kila dai lipewe mwenyewe na kitenzi chake: *anadai, anakiri, ananukuu ili apinge, anahitimisha*. Ukiandika "makala inasema" mara tano mfululizo, jua tayari umechanganya sauti.

Hujambo mhariri. Wanafunzi wangu nikiwapa tahakiki waifupishe, wanasimulia hadithi ya tamthilia tangu mwanzo hadi Oedipus anapojitoboa macho. Nifanyeje?
*Mwalimu, Eldoret*

Sijambo, mwalimu. Wape kipimo kimoja: kila sentensi ambayo ingebaki kweli hata kama mhakiki asingeandika makala yake, ikatwe. "Oedipus alimuua Laius kwenye njia panda" ni kweli bila Dodds, basi itoke, au ibaki kama nusu sentensi inayobeba hoja.

Kwa makala ya kurasa 12 au 13, maneno 250 hadi 300 yanatosha. Sentensi ya kwanza itaje swali ambalo mhakiki analijibu, ya pili jibu lake. Kama mwanafunzi hawezi kuziandika hizo mbili huku makala imefunikwa, arudi kusoma. Kinachobaki kigawanywe kwa kufuata uzito wa hoja, si kwa idadi ya kurasa. Dodds anatumia nafasi kubwa kubomoa maoni ya wengine na kurasa chache tu mwishoni kujenga lake: kwamba Oedipus ni mkuu kwa sababu ana nguvu ya kuutafuta ukweli na kuustahimili, uwe mchungu kiasi gani. Anayepima kwa rula atalipa hilo mstari mmoja.

Mwalimu wetu anasema *hamartia* ya mwanafalsafa Aristotle ni dhambi ya mhusika. Kitabu kingine kinasema ni dosari ya tabia. Lipi sahihi?
*Msomaji, Bukoba*

Mwalimu wako ana pa kushikilia, maana neno hilo hilo kwenye Agano Jipya la Kigiriki ndilo tunalolisoma "dhambi". Ila Aristotle aliandika zaidi ya miaka 300 kabla ya Agano Jipya, na katika sura ya 13 ya kitabu chake *Poetics* anasema wazi kwamba mhusika wa tanzia haanguki kwa uovu wake. "Dosari ya tabia" nayo inapotosha, kwani inamtuma msomaji kutafuta kiburi au wivu ndani ya mtu.

Kiswahili kina neno zuri kuliko hayo yote: *kukosa*. Mkuki umekosa shabaha, mtu amekosa. Kigiriki nacho kinatumia kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili. Dodds anaisoma hamartia hivyo hivyo, kama kosa la kutojua: Oedipus hakujua kwamba mzee wa njia panda ni baba yake. Kwa hiyo ukikuta "dosari" katika tahakiki, usiifupishe kwa "dhambi". Utakuwa umebadilisha hoja nzima kwa neno moja.

Asalaam alaykum. Nimeshafupisha Freud, mwanasaikolojia, na Vernant, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, walivyoandika kuhusu Oedipus. Sasa naambiwa "changanua". Si ni kuchagua nani yuko sahihi?
*Msomaji, Unguja*

Waalaykumu salaam. Hapana. Mhukumu baadaye, kwanza tazama kila mmoja amesimama juu ya nini.

Freud, katika kitabu chake cha ndoto cha mwaka 1900, anauliza kwa nini tamthilia hii bado inamtikisa mtu wa leo, na anajibu kwamba hatima ya Oedipus ingeweza kuwa yetu. Ushahidi wake ndani ya matini ni mistari ya 981 na 982, Jocasta anaposema wanaume wengi wameota wamelala na mama zao. Vernant, mwaka 1967, anajibu kwamba Oedipus alilelewa Corinth na malkia Merope, aliyemdhania kuwa mama yake. Kama ana mapenzi ya mtoto kwa mama, ni kwa Merope, na huyo ndiye Oedipus anayemkimbia. Jocasta kwake alikuwa mgeni aliyepewa pamoja na kiti cha enzi.

Sasa fungua matini uone mstari huo umekaa wapi. Jocasta anausema ili kumtuliza mumewe, ambaye hofu yake muda ule ni juu ya Merope, siyo juu ya Jocasta mwenyewe. Hapo utaona kwamba mstari wa Freud umo kweli, lakini ndani ya tukio hilo unamwelekea mwanamke mwingine. Utaona pia kwamba Vernant hakujibu swali la Freud. Freud aliuliza kuhusu sisi tunaotazama, Vernant akajibu kuhusu mhusika. Andika hilo, lina alama nyingi kuliko kusema "nakubaliana na Vernant".

Na unaponukuu, taja namba ya mstari wa Kigiriki, usitaje ukurasa pekee. Kurasa hubadilika kila tafsiri, na msahihishaji wako huenda ana toleo tofauti na lako.