Ramani ya Kijerumani ya Dar es Salaam: ni ya lini, na niipige laminesheni?

SWALI: Marehemu babu alikuwa mtu wa reli hapa Dodoma. Sandukuni mwake nimekuta ramani ya mitaa ya Dar es Salaam, ya Kijerumani, haina mwaka. Ina stesheni ya reli, na barabara kuu imeandikwa “Unter den Akazien”. Nyuma ina kitambaa, mikunjo inakatika. Kijana wa stesheneri anasema niipige laminesheni. Je, ni halisi? – Msomaji, Kizota

JIBU: Laminesheni hapana, tafadhali. Plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto, kuibandua ni kuichana ramani yenyewe. Selotepu nayo iache dukani. Gundi yake huacha madoa ya kahawia.

Tuje kwenye umri. Barabara hiyo ndiyo Samora ya leo. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, nao wakaiita Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika kwenu Dodoma 1910. Kwa hiyo nakadiria mchoro wako ni wa kati ya 1905 na 1916, ingawa wachora ramani za miji huweka hata yale yaliyo kwenye mpango tu. Reli ya vistari vilivyokatika isikudanganye. Tafuta pia Sanamu ya Askari. Hiyo ilisimamishwa 1927, ukiiona humo pamoja na majina ya Kijerumani, shaka ni halali yako.

Lakini hapo tumepata umri wa mchoro, si wa karatasi. Azima lenzi, ile ya fundi saa inatosha, utazame sehemu yenye rangi. Vidoto vidogo vilivyojipanga kwa mistari ni dalili ya uchapaji wa kisasa. Rangi iliyolala bapa, au yenye punje zisizo na mpangilio, inaelekea kwenye chapa ya zamani. Kuna na mtego mmoja ninaoupenda: nakala nyingi hupigwa picha ya ramani iliyokunjwa, hivyo kivuli cha mkunjo huchapwa pale ambapo karatasi yenyewe haina mkunjo. Pitisha kidole, utajua.

Kiangazi cha Dodoma hukausha karatasi ikawa kama papadi, usiilazimishe kunyooka. Ilaze bapa ndani ya shuka safi la pamba lisilotiwa wanga, juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta wenye mchwa. Ipige picha kivulini, na wageni waonyeshe picha hiyo.