Saa ya Kifaransa yenye kalenda na mwezi: anza na uso wa chini

Wanaonijia kwa ushauri kuhusu saa za kale za Kifaransa, zile zinazokaa juu ya meko, karibu wote huanza na dhahabu: ni halisi au si halisi? Mimi huwaambia waanze na uso wa chini. Saa za kalenda za mtindo wa Achille Brocot, fundi wa Paris wa karne ya 19, mara nyingi zina nyuso mbili. Wa juu unatoa saa. Wa chini unaonyesha siku ya juma, tarehe, mwezi wa mwaka na mwezi wa angani ulivyo usiku huo. Huo wa chini ndio unaoipa saa thamani yake, na ndio unaovurugwa na mafundi wasioujua.

Nyuma yake lipo gurudumu linalokamilisha mzunguko mmoja kwa miaka 4. Ukingo wake umechongwa mapengo ya vina mbalimbali, kila mwezi mfupi na pengo lake, na Februari ya mwaka mrefu ina pengo lisilolingana na zile nyingine tatu. Kijimkono kikizama pengoni, tarehe inaruka yenyewe mpaka mosi. Kila ninapoifungua yangu nafurahi upya kuona hesabu hiyo yote ndani ya shaba. (Mwaka 2100 itakosea, kwa sababu mwaka huo unagawanyika kwa 4 lakini hautakuwa mrefu.)

Basi ukiwa Saint-Ouen, soko la vitu vya kale kando ya Paris, au mnadani, omba saa ifunguliwe nyuma. Tafuta kifimbo kinachounganisha mtambo wa saa na kalenda. Nimeona saa nzuri sana zisizo nacho, na muuzaji anasema inahitaji marekebisho kidogo tu. Usikubali. Kifimbo hicho hakina spea ya dukani. Fundi atakichonga upya, apime, arudie, na malipo yake yanaweza kumeza punguzo lote ulilopewa.

Nyingine zina vijiwe viwili vyekundu vya akiki vinavyochezacheza mbele ya uso wa juu, pendulamu ikienda na kurudi. Vimegandishwa kwa lakiri, na lakiri huyeyuka kwenye spiriti. Kabla ya kumwachia fundi saa yako, muulize atavisafishaje. Akijibu kwamba atachovya mtambo mzima, ichukue uondoke.

Dhahabu sasa. Kwaruza kidogo sana chini ya kitako, pasipoonekana: rangi ya njano ni bronzi au shaba, ya kijivu ni mchanganyiko wa zinki, ambao ni mwepesi kuvunjika. Usiguse sehemu iliyopakwa dhahabu kwa dawa ya kung'arishia shaba, kwa sababu tabaka lenyewe ni jembamba na likitoka halirudi. Brashi laini ya kupangusa vumbi inatosha.

Jina lililoandikwa usoni huenda ni la mwenye duka. Mtengenezaji wa mtambo mtafute kwenye muhuri wa bamba la nyuma, kwa mfano Japy Frères au S. Marti.

Ikishafika nyumbani (pendulamu isafiri peke yake, imefungwa kitambaa), usisukume tarehe kwa mkono wakati saa yenyewe iko kati ya saa tatu na saa nane usiku. Muda huo meno yameshikana na unaweza kuyavunja. Mwezi urekebishe usiku wa mwezi mpevu, uweke duara kamili katikati ya dirisha lake. Kwa mfungo na sikukuu endelea kungoja mwandamo, kwani kisahani kinachoonyesha mwezi kwenye saa kinafuata wastani tu. Mwezi wa kweli una wastani wa siku 29.53, kisahani chako kikiwa cha siku 29 na nusu, kitatangulia siku nzima kila baada ya miaka miwili na nusu hivi, nawe ukirudishe nyuma siku moja.