Jibu: Seva ya raki ya mtumba kwa maabara ya nyumbani? USINUNUE!

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama ushatoa advansi, sema umefiwa, sema chochote, ila hiyo seva isiingie kwako. Umesema umepanga chumba na sebule, una laki nane, unataka kujifunza Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa ndani ya moja) na Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi), na kuna jamaa Kariakoo anakuuzia seva ya raki ya 2U (ile bapa ya kufungwa kwenye kabati la mitambo) yenye prosesa mbili za Xeon X5650 na RAM GB 72. Umeuliza pia diski. Tutafika.

Nilinunua ya aina hiyo hiyo. Muuzaji akaniimbia: "Kori 12, nyuzi 24, imetoka benki hii, haijui kuzima." (Kori ni vitengo vya kazi ndani ya prosesa, nyuzi ni kazi zinazokwenda sambamba.) Kweli kabisa, yenyewe haizimi. Kinachozima ni LUKU.

Wati hakuzitaja. Ikiwa imekaa tu, haina hata mashine pepe moja inayofanya kazi, ilivuta wati 150 hivi. Piga hesabu: uniti 3.6 kwa siku, 108 kwa mwezi. Ukiwa kwenye tarifu ya D1, ile ya uniti 75 za kwanza kwa shilingi 100, seva peke yake inazimaliza kabla ya tarehe 22, friji na feni hujavigusa. Ukishavuka hapo, uniti moja ni 350, kodi ya serikali bado. Mimi nikaanza kuiwasha usiku tu, halafu wikendi tu, halafu nikawa na maabara ya kuangalia kwa macho.

Na kelele! Ukiiwasha, feni zote zinaanza kwa kasi ya mwisho. Mama mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Joto nalo, Dar hii, Januari, dirisha moja. Yule mtaalamu wa video za mtandaoni aliyenijaza upepo ninunue seva yuko Marekani, seva kaitupa chini ya nyumba, nje theluji, kwake ile ni kuota moto! Bili ya umeme hakuionyesha hata sekunde moja. Nikikutana naye tutaongea vizuri.

Usifikiri utaiuza ukichoka. Zile RAM ni DDR3 za seva, ECC Registered, kwenye desktop ya kawaida hazifanyi kazi. ESXi (programu nyingine ya mashine pepe, ya VMware) toleo la 7 lenyewe halikubali prosesa za kizazi hicho, Westmere za 2010. Yangu ipo jikoni, imebeba ndoo ya maji, na kwa kazi hiyo sina malalamiko.

Kwa hiyo: ULIZA WATI IKIWA IMEKAA, ndiyo uulize bei. Kori baadaye. Asiyejua wati, mpite.

Tafuta vile vikompyuta vidogo vilivyotoka maofisini: ThinkCentre M720q au M920q, EliteDesk 800 G4 Mini, OptiPlex 7060 Micro. Chukua yenye i5-8500T, kori 6. Ikiwa imekaa inavuta wati 12 hivi, yaani uniti hazifiki 9 kwa mwezi, na unalala nayo chumba kimoja. Anza na GB 16, ukipata hela weka 32. Windows Server mbili na Linux kadhaa zinakaa bila shida, maana kwenye maabara kinachoisha kwanza ni RAM, prosesa inabaki inapiga miayo. Diski weka SSD, usijadiliane na mtu.

Ukifika dukani usikubali "tumeshaitesti". Iwashwe mbele yako, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka), hakikisha Virtualization, inayoruhusu mashine pepe, ipo na inawashika, kisha fungua mfuniko uone nafasi za RAM ni mbili kweli. Hakikisha pia unapewa adapta yake halisi, za kuokoteza zinafanya prosesa itambae. Na ukiweza, nenda na kile kipimo cha wati cha kuchomeka kwenye soketi. Muuzaji akinuna, duka la pili lipo mlango wa pili.