Maswali na majibu: seva ya mafaili inapokukatalia

Safari hii maswali yote yanahusu ile kompyuta ya chini ya meza, yenye Linux na Samba (programu inayoiwezesha Linux kushea mafaili na kompyuta za Windows), ambayo ofisi nzima inahifadhia kazi. Mkituandikia, leteni namba ya kosa; "imegoma" haitusaidii. Ombi la kufungua faili hupita milango minne kwa zamu: mtandao, jina na nenosiri, folda ya kushea, halafu faili lenyewe. Namba ndiyo inayosema umezuiwa mlango upi, na nusu ya ufundi ni kuacha kuhangaika na mlango ulioshaupita.

Shikamoo fundi. Kompyuta ya mapokezi inaleta 0x80070035 karibu kila asubuhi, wenzake wanaingia vizuri. Nimebadilisha nenosiri mara mbili, wapi. (Njiro, Arusha)

Marahaba. Nenosiri liache, halijaulizwa bado. Tarakimu nne za mwisho, 0035, zimeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Kwa hesabu yetu ya kawaida ni 53, yaani njia ya mtandao haikupatikana. Umekwama mlango wa kwanza. Na kwa kuwa wengine wanaingia, seva haina shida.

Kwenye hiyo kompyuta andika `ipconfig`. Mara nyingi kompyuta ya mapokezi imejiunga yenyewe na Wi-Fi ya wageni. Ukiona wenzake wanaanza na 192.168.1 na yeye ana kitu kingine, umeshampata mwizi: ifanye isahau mtandao ule, au ivutie kebo. Kama anwani iko sawa, fungua PowerShell uandike `Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`, ukiweka anwani ya seva yako. Ikijibu True, kinachokosekana ni jina tu. Ingia kwa `\\192.168.1.20`. Kisha nenda kwenye ruta uifungie seva anwani moja ya kudumu, la sivyo siku ruta itakapozimwa na kuwashwa mtarudi hapa hapa, safari hiyo ofisi nzima.

Naingia bila kuulizwa chochote, naona majina ya folda, ila nikigusa folda yoyote naambiwa sina ruhusa. Mwenzangu kwenye kompyuta yake hana tatizo. (Shule, Usa River)

Umeingia kama mgeni bila kujua. Faili la mipangilio ya Samba linalokuja na Ubuntu au Debian (aina za Linux) lina mstari `map to guest = bad user`: ukitaja jina ambalo Samba hailijui, haikukatai, inakugeuza mgeni. Mgeni akigonga folda ya wenye majina anajibiwa NT_STATUS_ACCESS_DENIED, nawe unaanza kukagua ruhusa za folda wakati kosa lilitokea mlango mmoja nyuma. Andika `sudo smbstatus`. Ukijiona kama `nobody`, ndiyo hiyo.

Kuwa na akaunti ya Linux hakutoshi, Samba ina daftari lake. `sudo pdbedit -L` inaonyesha waliomo. Kumwongeza mtu ni `sudo smbpasswd -a jina`. Kwenye Windows futa miunganisho ya zamani kwa `net use * /delete` kabla ya kujaribu tena, maana Windows haikubali majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Hilo ndilo kosa la 1219. Wenye Windows 11 Pro ya 24H2 hamtaona mtego huu, kwani hiyo inakataa kuingia kama mgeni tangu mwanzo.

Jambo jingine: ukikataliwa kuingia, Windows hupewa NT_STATUS_LOGON_FAILURE, iwe nenosiri ndilo baya au, pale mstari ule wa mgeni haupo, jina. Ni makusudi, mtu asije akabahatisha majina. Ukweli uko kwenye logi ya seva. Weka `log level = 1 auth_audit:3` chini ya `[global]` kwenye faili lile la mipangilio, kisha `sudo smbcontrol all reload-config`, na utasoma kama ni WRONG_PASSWORD au NO_SUCH_USER.

Umeme ukikatika na kurudi, daftari la mikopo la Excel linasema linatumiwa na mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi mwenyewe! Mara linaachia baada ya dakika chache, mara hata saa mbili. (Mhasibu wa SACCOS, Moshi)

Pole. Hizo saa mbili si za kubahatisha. Bila shaka seva iko kwenye UPS (betri ya akiba) na kompyuta yako haiko. Umeme unapokatika kompyuta yako haiagi, kwa hiyo seva inaamini bado umelishika faili, na anayekuja kulifungua anajibiwa NT_STATUS_SHARING_VIOLATION. Kama seva haina cha kukutumia, Linux hukaa kimya sekunde 7200 ndipo iulize kama bado upo. Isipojibiwa huuliza mara 9, kila baada ya sekunde 75. Jumla ni saa mbili na dakika kumi na moja.

Kwa sasa hivi: `sudo smbstatus -L` inaonyesha faili na Pid, yaani namba ya mchakato uliolishika, na `sudo smbstatus -p` inaonyesha Pid hiyo ni ya kompyuta ipi. Hakikisha kwa macho kwamba hakuna mtu anayeandika humo, kisha `sudo kill` na namba hiyo. Kila kompyuta ina mchakato wake wa smbd (programu ya Samba inayotoa mafaili), kwa hiyo unamtoa huyo mmoja tu. Kuwasha smbd upya kunawakata wote, pamoja na aliye katikati ya kuhifadhi.

Kwa kudumu, weka hivi kwenye `[global]`:

`socket options = TCP_NODELAY TCP_KEEPIDLE=120 TCP_KEEPINTVL=20 TCP_KEEPCNT=6`

Sekunde 120, kisha maswali 6 ya sekunde 20: aliyepotea anatolewa kwa dakika nne. Usiache TCP_NODELAY, ukiandika mstari huu unafuta uliokuwepo, nayo ilikuwemo.

Kama smbstatus haionyeshi mtu, tafuta faili lililofichwa linaloanza na `~$` kando ya daftari. Ni mabaki ya Excel. Wote wakiwa wamefunga, lifute.

Picha za wateja ziko kwenye diski ya nje. Jumatatu folda ilikuwa tupu, leo zimerudi, ila kazi ya Jumatatu haipo. Ni virusi? (Kampuni ya utalii, Sakina)

Siyo virusi. Jumatatu seva iliwaka, diski haikupachikwa (haikuunganishwa na folda yake), na `/mnt/picha` ikabaki folda tupu kwenye diski ya mfumo. Samba haikuona kosa, ikapokea kazi zenu humo. Leo diski imepachikwa juu yake na kuzifunika. Zitoeni hivi:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind / /mnt/chini`

Sasa angalieni ndani ya `/mnt/chini/mnt/picha`, mzinakili kwenda kwenye diski ya nje, kisha `sudo umount /mnt/chini`.

Kisha fanyeni seva ijue kulalamika. Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa, itajeni diski kwa UUID (namba yake ya utambulisho) mnayoipata kwa `sudo blkid`, pamoja na `nofail`, ili seva iwake hata diski isipokuwepo. Halafu tengenezeni folda `kazi` ndani ya diski yenyewe ikiwa imepachikwa, mhamishie picha humo, na kwenye Samba muandike `path = /mnt/picha/kazi`. Siku diski isipopachikwa, njia hiyo haitakuwepo, na seva itajibu NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME. Windows itaonyesha kosa la 67, au 0x80070043. Simu zitapigwa saa mbili asubuhi, na ndivyo inavyotakiwa.

Nafungua faili la mwenzangu lakini siwezi kuhifadhi. (Moshi)

Kama hakuna anayeweza kuandika, mmesahau kuwa Samba huanza na `read only = yes`. Kama kila mtu anaandika yake tu, ni kwa sababu faili jipya hupewa 0744: mwenyewe anaandika, wengine wanasoma. Kwenye mipangilio ya Samba, chini ya folda husika, weka `force group = ofisi`, `create mask = 0664` na `directory mask = 0775`. Ya zamani yarekebishe kwa `chgrp -R ofisi` na `chmod -R g+rwX`. Hiyo X ni herufi kubwa. Na 0777, inayomruhusu kila mtu kufanya lolote, mwachieni anayetaka kufutiwa kazi.

Mashine ya fotokopi ilikuwa inatuma skani kwenye seva. Tumesasisha Samba, imekoma. (Arusha mjini)

Mashine ya zamani inajua SMB1 tu, toleo la kwanza la lugha ya kushea mafaili ambayo Samba na Windows huzungumza, na Samba imeizima tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Angalia kama mashine ina sasisho la SMB2, au itume kwa FTP kwenye folda yake pekee. `server min protocol = NT1` itaifufua, lakini inafungua mlango huo kwa kila mtu.

Nikinasa mawasiliano ya mtandao kwa programu ya Wireshark naona 0xC0000016 kila mtu anapoingia. Niogope? (Njiro)

Hapana. Hiyo ni MORE_PROCESSING_REQUIRED: seva inasema endelea, bado hatujamaliza kutambuana. Na 0x80000006 mwishoni mwa orodha ya folda maana yake mafaili yameisha.